Katibu Aliyefuta Herufi Mojamoja

Katibu aliogopa jambo moja tu hapa duniani: kuzikwa akiwa mtu mwingine. Kufa kwenyewe hakukumsumbua. Kazi yake ilikuwa kuchapa wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kanisani kabla jeneza halijapelekwa makaburini, na kwa miaka yote niliyomfahamu hapa Soweto, Mbeya, karibu kila aliyefariki mitaa ya kwetu alipita kwenye kompyuta yake. Alichoogopa ni kwamba siku yake ikifika atakosekana mtu wa kumwandika vizuri, halafu mchungaji atasimama mbele ya watu na kusoma habari za mtu asiyejulikana, na watu wote waitikie amina. "Fundi," alikuwa akiniambia, "mimi nikisomwa vibaya, nitarudi."

Fundi ni mimi. Nashona sare za shule, na kibanda changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao ulikuwa na matundu kiasi kwamba tulisalimiana bila kuinuka. Yeye aliitwa Katibu na watu wote, hata watoto, lakini alikuwa katibu wa nini hakuna aliyejua. Wengine walisema aliwahi kuwa katibu muhtasi katika ofisi fulani kule kwao Iringa. Wengine walisema alikuwa katibu wa timu ya mpira iliyokufa. Siku moja nikamuuliza waziwazi. Akafikiri, akasema, "Walianza tu kuniita, nikaona si vibaya."

Kuzaliwa kwake naruka. Kila wasifu aliouchapa ulianza na kuzaliwa, na yeye mwenyewe alisema hapo ndipo waombolezaji wanapoanza kuangalia simu zao.

Jambo la kwanza ambalo mteja mgeni aliliona, likamkera, ni kwamba Katibu hakuwa na ukurasa mtupu. Ukimwendea na msiba wako, alifungua wasifu wa marehemu aliyetangulia, yule wa juzi, akaanza kumfuta ili akuwekee wa kwako. Na hakumfuta kama watu wanavyofuta. Wewe na mimi tungepaka rangi maneno yote, tukabonyeza mara moja, kwisha. Katibu aliweka kile kijiti kinachopepesa mwishoni mwa sentensi, akabonyeza Backspace, ikaondoka nukta. Akabonyeza tena, ikaondoka herufi. Akatulia. Akabonyeza tena. Kushikilia kitufe ili kijikimbize chenyewe alikuwa hataki hata kusikia.

"Mtu ameishi miaka yote hiyo," alisema, "halafu wewe unamfagia kama maganda ya viazi?"

Kwa kubonyeza huko kitufe chenyewe kilikufa. Kwanza maandishi yake yalifutika, kisha kikapata shimo la kidole, kisha siku moja kikaruka na kuangukia kwenye kikombe cha chai. Fundi wa kompyuta alimshauri anunue kibodi nyingine. Katibu alikuja kwangu akaomba kifungo. Nilimpa kifungo cheusi cha koti la wanaume, akakibandika kwa gundi pale palipokuwa na Backspace, na tangu siku hiyo akawa anafuta wafu kwa kifungo cha koti. Mimi nilijisikia fahari, sitaficha. Nilipopita na wageni niliwaonyesha.

Sasa, kwa nini asianze na ukurasa mtupu? Hilo nililielewa siku moja ya baridi kali, mwezi wa sita, nilipokwenda kuota moto wa jiko lake la mkaa. Walikuja vijana wawili, mtu na dada yake, wamefiwa na baba. Walikaa kwenye benchi wakiwa wamejifunika blanketi moja. Katibu akawauliza baba yao alikuwa mtu wa namna gani. Wakatazamana. Kaka akasema, "Alikuwa baba." Dada akasema, "Alikuwa mtu tu, jamani." Ungeweza kudhani baba yao hakuwahi kukanyaga ardhi.

Katibu hakuwasumbua. Akawafungulia marehemu wa juzi, akaanza kusoma kwa sauti. "Marehemu alikuwa mkarimu kwa kila mtu."

"Hapana," akasema dada.

"Hapana kivipi?"

"Baba kwa kila mtu hapana. Kwa watoto wa shule, ndiyo. Watu wazima alikuwa anawafungia mlango."

"Nifute?"

"Futa hiyo ya kila mtu."

Katibu akafuta, herufi mojamoja, akaendelea. "Alipenda sana kusafiri."

Hapo kaka akacheka mpaka blanketi likadondoka. "Baba? Tulimpeleka Tukuyu kwenye harusi akarudi kwa miguu kabla ya chakula! Futa hii maneno, Katibu, futa yote."

Basi wakaendelea hivyo, hapana hii, hapana ile, na kila hapana ilikuja na hadithi nyuma yake. Mpaka mkaa unakuwa majivu, yule marehemu wa juzi alikuwa ameondoka kabisa, na baba yao alikuwa amekaa pale kwenye kioo mzima mzima, na milango yake aliyoifunga. Vijana walipoondoka Katibu aliniambia, "Fundi, mfiwa hajui kusema mtu wake alikuwa nani. Anajua kusema hakuwa nani. Ukimpa ukurasa mtupu, analia tu."

Mimi nilimwambia amenichomea asubuhi nzima na sare za darasa la kwanza ziko palepale. Lakini nililikumbuka neno hilo.

Alikuwa anafundisha pia. Tangazo la darasa lake lilikuwa limebandikwa mlangoni, na wanafunzi walikuwa wachache, mmojawapo mimi, kwa sababu alinifundisha bure nikimshonea mifuko ya suruali. Kompyuta ilikuwa moja na mara nyingi ilikuwa na maiti, kwa hiyo masomo aliyatoa kwenye benchi la wateja. Siku ya kufundisha kufuta alinisimamisha katikati ya benchi, watu wamekaa kulia na kushoto.

"Wewe ndiye kijiti," akaniambia. "Waliokaa kushoto kwako ni herufi zilizokwisha andikwa. Wa kulia ni zile zilizo mbele yako. Nikisema Backspace, unamla nani?"

"Wa kushoto."

"Mle."

Nikamgusa bega mzee mmoja aliyekuja kupiga kopi ya hati, akainuka akatoka nje kwa adabu zote. Nikasogea nafasi yake.

"Nikisema Delete?"

"Wa kulia."

"Mle."

Wa kulia alikuwa mama mmoja mnene aliyekuja kwangu kuchukua sare, akaona kwangu hakuna mtu, akakaa kwa Katibu kusubiri. Akagoma. "Mimi sifutwi," akasema. "Nimekuja kuchukua sketi mbili, nikishapata naondoka mwenyewe." Katibu akamweleza kwamba ni mfano tu. Mama akasema hata kwa mfano hataki, kwao walikuwa wengi na sasa amebaki yeye. Ikabidi darasa liishie hapo, lakini tofauti ya Backspace na Delete sijaisahau mpaka leo: mmoja anakula ulikotoka, mwingine anakula unakokwenda, na wa pili ana uwezekano wa kukugomea.

Kuna ile habari ya kibodi kuugua, ambayo kila mtu hapa Soweto ana namna yake ya kuisimulia, na ya kweli ni hii, maana nilikuwepo. Asubuhi moja Katibu alikuwa anaandika sentensi katikati ya wasifu, mara akaona kila herufi anayoiingiza inakula herufi iliyo mbele yake. Aliandika "mke" likaliwa "ana". Aliandika "mpendwa" ikaliwa nusu ya watoto wa marehemu. Akaacha. Akajaribu tena, wakaliwa na wajukuu. Ndugu wa marehemu waliokuwa wamesimama nyuma yake wakaanza kurudi kinyumenyume mpaka nje.

Mchungaji alikuwa jirani anasubiri karatasi yake. Akaitwa. Alikuwa mtu wa vitendo; hakuuliza maswali mengi, alivua koti, akaweka kiganja chote kwenye kibodi, akafunga macho, akaomba kwa nguvu, na kila alipokazia neno kiganja kilikazia pia. Aliposema amina tukafumbua macho. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mrefu wa herufi zisizo na maana yoyote, na Katibu alipojaribu kuandika, maneno yakakaa vizuri, hakuna kilicholiwa.

Katibu akaweka kidole kwenye kifungo cha koti ili aondoe ule mstari. Mchungaji akamshika mkono.

"Usifute," akasema, sauti ya chini. "Hiyo ni lugha."

Akaomba achapiwe nakala yake, akaondoka nayo ameikunja ndani ya Biblia.

Baadaye fundi wa kompyuta alinieleza kwamba kuna kitufe kinaitwa Insert, ukikigusa kwa bahati mbaya maandishi yanaanza kulana, ukikigusa tena yanaacha. Nilikimbia kumwambia Katibu, nimefurahi kama mtu aliyekamata mwizi. Akanisikiliza. "Na mara ya pili nani alikigusa?" akauliza. Nikasema Mchungaji. "Basi," akasema, akaendelea na kazi.

Tabia yake ya kufuta ilitoka kwenye mashine ikaingia mdomoni. Akisema neno la kumuudhi mtu, hakuomba radhi kama binadamu wengine. Alilifuta, kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia mwisho. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema, "Mwenyekiti anajipendelea kwenye mgao wa maji." Watu wakaguna. Mwenyekiti akasimama, mishipa imemtoka, akamtaka afute kauli yake mara moja. Katibu akainua kidole kimoja hewani, akawa anakibonyeza.

"Maji," akasema. "Wa. Mgao. Kwenye. Anajipendelea. Mwenyekiti."

Kwa hiyo waliokuwa hawajasikia vizuri mara ya kwanza, wakasikia sasa. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini kwenye majani. Mwenyekiti akauliza amemaliza? Katibu akajibu kwamba amefuta yote, kijiti kimerudi mwanzo wa mstari, na anaomba nafasi aandike upya. Hakupewa.

Nisije nikamchora kama mtakatifu. Mtu huyu aliyewafuta wafu wa watu kwa upole alikuwa na kaka yake wa damu kule Kilolo, na huyo alimfuta kwa mkupuo. Waligombana kuhusu shamba la miti ya mbao, nani alipanda na nani alipalilia, na tangu hapo Katibu hakutaka jina lake litajwe. Kaka alipiga simu, hakupokea. Kaka alituma ujumbe, aliufuta kabla hajausoma, na alifuta kwa kidole gumba, haraka, kitu ambacho kwenye kompyuta angekuita mchawi kwa kukifanya. Nilimwambia mara nyingi, "Gwe Katibu, huyo ndugu yako yuko hai, mbona wafu unawabembeleza?" Akasema wafu hawajampora miti. Niliona si haki, na nilimwambia, tukanuniana wiki nzima kupitia matundu ya ukuta.

Na sasa ile siku iliyomtia hofu kabisa. Alifariki bibi mmoja wa milimani kwetu, muuza viazi, mama wa kanisa, mtu ambaye nadhani hakuwahi kukimbia tangu alipokuwa msichana. Aliyetangulia kwenye kompyuta alikuwa kijana wa timu ya kata. Katibu alikuwa anamfuta yule kijana taratibu kama kawaida yake, lakini ndugu wa bibi walisimama nyuma yake wakihema: jeneza limeshatoka nyumbani, Katibu, jeneza liko njiani, Katibu, jeneza limefika kanisani. Akaharakisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaharakisha. Wakainyakua karatasi ikiwa bado ya moto.

Kanisani Mchungaji alisoma vizuri mpaka ukurasa wa pili. Kisha akasoma: "Atakumbukwa kama golikipa hodari, ambaye hakuwahi kufungwa penalti katika uwanja wa nyumbani."

Nilikuwa nimekaa karibu na Katibu na nilisikia pumzi yake ikikatika. Mchungaji aliitazama karatasi, akatutazama, akaitazama tena, na kwa vile alikuwa mtu wa vitendo, akaendelea mbele. Halafu nyuma kabisa mjukuu mmoja akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Binti wa marehemu alilia kwa sauti, "Mama! Kumbe hukutuambia!" na kanisa zima likainuka.

Ungedhani imekwisha hapo. Arobaini ilipofika, timu ya kata ilikuja na jezi, ikaweka mpira mpya juu ya kaburi. Wajukuu hawakubali kusahihishwa. Ukiwaambia bibi yenu aliuza viazi, wanakujibu kwamba aliuza viazi siku ambazo hakukuwa na mechi. Katibu alikwenda kwao mwenyewe kuomba karatasi ile airekebishe. Wakamkaribisha chai, wakamwonyesha karatasi imewekwa fremu ukutani, wakamkataza kuigusa.

Alirudi kwangu akakaa kwenye kigoda cha wateja, na alikuwa na machozi. "Umeona?" akaniambia. "Yule mama hayupo tena, Fundi. Yupo golikipa. Na yeye alikuwa na watoto, na kanisa, na watu waliokula viazi vyake. Mimi nina nani? Nina binti mmoja, na binti anajua baba, hajui mtu. Mimi watanisoma kuwa nani?"

Nilitaka kumtania nikashindwa. Nikamwambia nitausoma wasifu wake mimi kwanza kabla haujafika kwa Mchungaji, na kikiwemo kitu kisicho chake nitakifuta.

"Taratibu?" akauliza.

"Herufi mojamoja."

"Ndaga fijo," akasema. Mhehe yule alinishukuru kwa Kinyakyusa changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulirudia.

Miaka ikaenda. Kwenye kazi aliyoiweza kuliko wote alianza kukwama, akafungua marehemu ambaye alishamfuta akashangaa hayupo, akaniuliza jina langu la ubatizo ambalo alilijua. Binti yake akaja kutoka Iringa, akafunga kibanda, akamchukua. Anakaa naye Kilolo, karibu na mashamba yale yale ya miti. Mimi nilibaki na ukuta wa mbao, na upande wa pili wakaweka saluni.

Binti ndiye aliyenipigia simu. "Mama mdogo," akasema, "kama unataka kumwandika, njoo sasa. Baba anaisha kutoka mwisho. Ya jana ameshasahau, ya mwaka jana ameshasahau, anarudi nyuma tu."

Nikabeba kompyuta ndogo ya mwanangu, nikapanda basi la Iringa, na kesho yake asubuhi nikafika Kilolo kukiwa na jua la baridi. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, na aliyeketi naye, goti kwa goti, jagi la ulanzi, pombe ya mianzi, katikati yao, alikuwa kaka yake. Nilisimama njiani. Kaka akaja kunipokea mzigo, akanong'ona, "Amesahau kwamba ananichukia. Tafadhali, mama, usimkumbushe."

Katibu akainuka, akanipa mikono miwili. "Kamwene, mama. Karibu sana. Umetoka mbali?"

"Mbeya," nikasema.

"Mbeya kuna baridi," akasema kwa heshima, kama unavyomwambia mgeni. Hakunijua. Niliumia, nasema wazi, niliumia hata nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Lakini nilikuwa nimekuja kwa kazi. Nikafungua kompyuta juu ya kiti, ukurasa mtupu, binti akakaa upande huu, kaka upande ule. Nikamuuliza, "Mzee, nataka kuandika habari zako. Wewe ulikuwa mtu wa namna gani?"

Akafurahi sana. Akajiweka sawa. "Mimi," akasema, "nilitoka kaskazini na ng'ombe wa baba yangu, tukashuka bonde la Usangu, tukakuta maji, tukakaa. Ng'ombe wakawa wengi, nikalima mpunga Ubaruku. Mashine ya kukoboa pale nimeianzisha mimi."

Binti akanitazama. Kaka akatazama ulanzi. Mimi nilimjua mara moja yule mtu: alikuwa mzee mmoja ambaye watoto wake walihamia Soweto, wakamleta kwa Katibu akiwa marehemu.

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Baada ya hapo nilikuwa mkunga. Nimezalisha wanawake milima yote ile. Hakuna mtoto aliyenifia mkononi."

"Baba," akasema binti.

"Kisha nikafiwa na mume wangu."

"Baba! Wewe hukuwa na mume!"

"Alikuwa mtu mpole," akasema Katibu, na macho yakamlengalenga kwa ajili ya huyo mume. Binti akacheka, halafu kicheko kikageuka, akainuka akaenda jikoni.

Nikakaa na ile kompyuta, na hofu ya Katibu ilikuwa imenikalia mimi sasa. Watu wote aliowafuta walikuwa wamehamia kwake, na yeye mwenyewe sikumwona hata kwa mbali. Nikaona nijaribu namna yake. Nikaandika maneno ya uongo, nikawa namsomea, ili akatae.

"Marehemu alipenda sana kusafiri."

"Ndiyo, sana."

"Alikuwa mwanajeshi."

"Ndiyo, kweli kabisa."

"Aliimba kwaya, sauti ya tatu."

"Ndiyo. Umeambiwa na nani?"

Kila kitu ndiyo. Kaka akasema kwa upole kwamba labda niache, mzee anachoka, na hata hivyo maneno yote hayo ni mazuri, yakisomwa yataleta heshima. Nikapandwa na hasira. Hasira ya nani sijui, labda ya wote, labda ya golikipa. Nikagonga vile vitufe kama napiga mtu, nikaandika, nikasoma kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani:

"Aliishi Mbeya miaka mingi akiwa peke yake. Hapakuwa na mtu aliyemjua."

Katibu akaweka kikombe chini.

"Hapana," akasema.

Binti alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Hapana kivipi, mzee?" nikauliza.

"Hiyo si kweli. Futa. Kulikuwa na fundi, mshona sare. Ukuta wetu ulikuwa mmoja." Akanisogelea kidogo, akapunguza sauti, kama anayemsema mtu asiyekuwepo. "Ana kelele yule mwanamke, mama, we acha tu. Lakini haya mambo unayoniuliza, mimi msiniulize. Nendeni mkamuulize yeye, ananijua."

"Una hakika atajua?"

"Aliniahidi."

Nikasema nitamuuliza. Nikaweka kijiti mwishoni mwa sentensi ile, nikaanza kufuta, na yeye akainama kuangalia kioo, akizifuata herufi zinavyoondoka.

"Ukimkuta," akasema, "mwambie asiharakishe. Bado nipo."